Maoni: Kwa gari ndogo ya mbio ya okazyo, mekanisie alipwe kabla ya komisionere

Siku ya posho asubuhi, kwenye parki za magari ya okazyo katika muji wa Lubumbashi, mambo yanapita vile vile. Gari ndogo imeoshwa, pine zimepakwa dawa nyeusi, kapo iko wazi. Komisionere anawasha motere, anakanyaga mafuta mara mbili, bomba ya moshi inalia, vijana wanageuka kutazama. Mununuzi, ambaye amekusanya feza kwa miaka miwili au mitatu, wakati mwingine akiongeza na zamu yake ya likelemba, anasikia ule mulio na bei haionekane kubwa tena. Nyuma ya dakika kumi ametoa avansi. Kile alichonunua pale ni sauti. Gari yenyewe ataijua nyuma ya wiki tatu, akiwa amesimama kandokando ya barabara ya Likasi na kapo wazi.

Magari yenyewe yanajulikana. Kuna Toyota RunX na ndugu yake Allex, Suzuki Swift Sport, Honda Fit RS, Subaru Impreza, na kwa wale wanaoagiza toka Ulaya kuna Volkswagen Golf GTI. Kuyapenda si kosa. Mutu mwenye kazi Kolwezi na familia Lubumbashi, ambaye anapiga karibu kilomita 300 kila mwisho wa wiki, ana sababu nzuri ya kutafuta gari ndogo yenye nguvu, yenye kushika barabara na isiyokula esansi kama jipu. Kosa linaanza pale gari hiyo inanunuliwa sawa vile watu wananunua Corolla ya kwenda nayo kazini. Corolla ya kawaida, hata ikiwa nzee, mara nyingi ilipita mukononi mwa mutu aliyetaka tu kufika. Gari ya mbio, toka siku ya kwanza kule Japan, iliuzwa kwa mutu aliyetaka mbio. Wa pili aliinunua kwa sababu hiyo hiyo, na wa tatu vilevile. Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe gari ni ya mwaka gani. Liwe nani ameiendesha, na ameiendesha namna gani, na jibu la swali hilo haliko mudomoni mwa mwenye kuuza, liko ndani ya chuma.

Mufano mzuri ni RunX, kwa sababu ndiyo inayodanganya watu wengi. RunX zilitoka Japan kuanzia mwaka 2001 hadi 2006, na motere zake hazilingane. Nyingi zina motere ndogo ya litri 1,5 yenye kuitwa 1NZ-FE, yenye nguvu za farasi karibu 110. Ni motere yenye kuvumilia, vipuri vyake viko kila mahali, lakini si ya mbio. Kuna ya litri 1,8 yenye kuitwa 1ZZ-FE. Na kuna ile yenyewe ya mbio, 2ZZ-GE, ya litri 1,8 pia, lakini yenye nguvu za farasi 190, ambayo iliwekwa kwenye RunX Z. Kwa macho, zote tatu zinaweza kufanana. Alama ya Z inaweza kubandikwa nyuma ya gari yoyote, bampa za chini zinauzwa, rimu zinauzwa. Namba ya shasi haibandikwe. Iko ndani ya kapo, kwenye ukuta unaotenga motere na abiria. Ikianza na NZE121, ile ni ya 1,5, hata kama ina mikia ya ndege mitatu nyuma. ZZE122 ni ya 1ZZ. ZZE123 peke yake ndiyo ya 2ZZ. Mutu anayelipa bei ya Z kwa gari ya NZE121 amepoteza feza kabla hata ya kutoka parkini, na hakuna mahali ataipeleka mashitaka yake, kwa sababu aliiona gari, aliikubali, na aliweka sinyatiri.

Hata ile ZZE123 ya kweli inahitaji uangalifu. Motere ya 2ZZ ina tabia mbili: chini inatembea sawa motere nyingine, na ikifika karibu duru 6.000 kwa dakika, kamu nyingine zinachukua kazi, sauti inabadilika na gari inavuta kwa nguvu mupya. Hilo ndilo linalolipiwa. Kwa hiyo lijaribiwe, kwenye barabara tupu, vitesi ya pili, na motere ikiwa imekwisha kupata moto, maana ikiwa baridi kompyuta yake haiachilie tabia hiyo ya pili. Gari ikifika duru 6.000 na kuendelea kama hakuna kitu, kuna sababu: pengine mafuta ya motere yako chini, pengine kichujio kidogo cha mafuta kimeziba, pengine bulo ndogo zenye kushika mikono ya kamu zimekatika, ugonjwa ambao ulijulikana sana kwa motere za miaka ya kwanza. Vingine vinarekebishwa kwa bei nafuu na vingine hapana, na mwenye kujua tofauti ni mekanisie. Isisahauliwe pia kwamba motere hiyo ilitengenezwa kwa esansi bora ya Japan. Mutu anayenunua esansi ya chupa kandokando ya barabara angechukua ile ya 1,5 na kulala usingizi.

Komisionere anapenda gari ijaribiwe motere ikiwa na moto. Mununuzi apende kinyume. Motere baridi haifiche kitu. Asimame na mwenye kuuza kwamba gari isiwashwe kabla yeye hajafika, na akifika aweke mukono juu ya kapo na juu ya mupira wa radiateri. Vikiwa na moto, mutu ameiwasha asubuhi kwa sababu anayoijua yeye. Kurudi kesho si aibu. Ikiwa baridi, hapo ndipo atazame: mafuta ya motere kwenye fimbo yako kiasi gani na rangi gani, chini ya kifuniko cha mafuta kuna povu ya rangi ya maziwa au hapana, maji ya radiateri ni safi au yamekuwa kutu. Kisha motere iwashwe mara moja, bila kukanyaga mafuta, na watu wanyamaze. Sekunde kumi za kwanza zinasema mambo ambayo saa moja ya kutembea haitasema. Kugongagonga kunakoisha polepole, sauti ya cheni inayokwaruza, moshi wa bluu unaotoka mara moja na kupotea: hayo yote ni ya asubuhi, na saa sita ya muchana hayaonekane tena.

Moshi wa bluu ni mafuta ya motere yanaungua. Motere za 1ZZ za miaka ya kwanza zinajulikana kwa kunywa mafuta, na motere yoyote iliyokanyagwa sana inaweza kufika pale. Njia ya kuona ni rahisi: gari ipande duru, dereva aachilie mafuta gari ikishuka mulima, kisha akanyage tena, na mutu mwingine aangalie nyuma. Moshi mweupe usioisha hata motere ikipata moto ni maji yanaingia mahali ambapo hayatakiwe. Mekanisie mwenye kifaa cha kupima kompresyo atamaliza ubishi: silinda nne zikaribiane. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, mazungumzo juu ya rangi na rimu yanaisha.

Kuna kitu kidogo ambacho wengi hawaangalie, taa za tablo. Ufunguo ukigeuzwa bila kuwasha motere, taa zote zinatakiwa kuwaka: ile ya motere, ya airbag, ya ABS. Taa isiyowaka kabisa mara nyingi imetolewa ili isiseme ukweli. Na kama saa ya radio inaonyesha wakati usio sawa, batri ilitolewa siku si nyingi. Pengine ilikuwa imekufa tu. Lakini kutoa batri ni njia ya kufuta makosa ambayo kompyuta imeandika, na skaneri itaonyesha kwamba kompyuta haijamaliza kujipima. Siku hizi skaneri ndogo zinauzwa kwa bei isiyofika hata pine moja, na mekanisie asiyekuwa nayo hafai kuitwa kwa kazi hii.

Kilomita ndizo zinazotajwa kwanza na ndizo za kuaminiwa mwisho. Gari iliyotoka Japan mwaka 2004 na kuonyesha kilomita 68.000 inaweza kuwa ya kweli. Inaweza pia kuwa imepita kwenye kilomita 200.000 na kurudishwa kwa kompyuta mahali fulani njiani, maana njia ni ndefu: bandari ya Dar es Salaam, Tunduma, Zambia yote, hadi Kasumbalesa. Japan inatoa hati ya kusafirisha gari inje, ambayo inabeba namba ya shasi na kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi. Gari iliyopita kwenye mnada kule ina pia karatasi ya mnada yenye alama; herufi R mahali pa alama inasema gari iliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Mwenye kuuza aliyeagiza gari yeye mwenyewe anaweza kuonyesha hizo karatasi. Akisema zimepotea zote, hiyo ni habari pia. Bila karatasi, mununuzi asome gari: usukani unaong'aa kwa kuliwa na mikono, pedali zilizoisha mpira, kiti cha dereva kilichozama upande mmoja. Hivyo havilingane na kilomita 68.000.

Kisha kuna mwili wa gari, na hapa sharti mutu achafuke. Nafasi kati ya milango na mwili zilingane pande zote mbili. Bulo za kapo na za aile zisiwe na alama za ufunguo. Chini ya tapi ya nyuma, mahali pa pine ya akiba, chuma kiwe kimenyooka. Mukaba wa kiti uvutwe hadi mwisho: ukileta tope kavu au harufu ya ukungu, gari iliogelea. Gari za kaskazini mwa Japan, mahali wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, zinakuja na kutu chini wakati juu zinang'aa. Resori zikatazamwe pia. Vijana wanapenda gari ikae chini, na kuna watu wanaozikata kwa msumeno. Gari hiyo haishike tena barabara kama ilivyotengenezwa, na kwenye mashimo amortisere zinakufa moja kwa moja. Yule wa Goma, ambaye gari yake itatembea juu ya mawe ya volkano, angefikiria mara mbili hata kwa gari ya mbio isiyokatwa resori.

Pine zina tarehe. Kwenye ubavu kuna namba nne. 2318 inasema wiki ya 23 ya mwaka 2018. Nyingi zinakuja na gari toka Japan na ni pine za teluji, laini, zenye mistari midogo midogo. Zinaonekana mupya kwa sababu zilitembea kidogo, lakini kwenye lami yenye joto zinaisha upesi na freni hazishike sawasawa. Bei ya pine nne za rimu 17 itolewe kwenye bei ya gari. Filtre ya hewa ile ya wazi, yenye kuwekwa ili motere ilie zaidi, ni ya kuogopwa. Toka mwezi wa tano hadi wa kumi vumbi la Katanga linaingia mahali pote, na motere iliyopumua vumbi hilo miaka miwili imekula silinda zake.

Jambo ambalo halizungumzwe kabisa ni taa za mbele. Congo inatembelea kulia. Gari ya Japan ilitengenezwa kwa barabara ya kushoto, na taa zake, hata zikishushwa, zinatupa mwangaza zaidi upande wa kushoto, yaani ndani ya macho ya dereva anayekuja. Mwenye gari haone tatizo, kwa sababu yeye anaona vizuri. Anayekutana naye usiku, katikati ya makamyo ya shaba, ndiye anayepofuka. Ongeza kwamba dereva amekaa kulia na ili apite kamyo ni lazima gari nusu iingie upande mwingine kabla yeye hajaona kitu. Kwa gari ya polepole hiyo ni taabu. Kwa gari ya farasi 190 yenye kijana usukanini, ni kaburi. Taa za upande wetu zinapatikana kwa magari mengi, na inashangaza kwamba mutu anatoa feza ya rimu lakini haulize bei ya taa.

Wengine wanakimbia tatizo hilo kwa kununua gari ambayo volani imegeuzwa toka kulia kwenda kushoto. Kwa gari ya mbio, ni heri kuikataa, labda kama aliyeigeuza anajulikana na kazi yake inaonekana. Ili volani igeuzwe, ukuta wa mbele unakatwa na kusoderwa, pompi ya freni inahamishwa, waya zinaongezwa, na airbag mara nyingi inabaki ya mapambo. Kazi hiyo ikifanywa vibaya haionekane kwa kilomita 40 kwa saa. Inaonekana kwa 120.

Yote haya yanahitaji mutu wa pili, na hapo ndipo mazoea ya hapa yanaharibu mambo. Komisionere analipwa na gari ikiuzwa. Hana faida gari ikikataliwa, na kumulaumu kwa hilo ni kazi bure. Lakini mekanisie anayeletwa na komisionere analipwa kwa njia ile ile, hata akivaa ovaroli yenye mafuta. Mununuzi atafute mekanisie wake, ambaye hajulikane parkini, amulipe kazi yake ya asubuhi hiyo iwe gari imenunuliwa au imeachwa, na amulipe mbele, kabla ya avansi yoyote. Watu wanaona hiyo ni hasara. Mutu yuko tayari kutoa dola elfu kadhaa kwa gari na analia dola thelathini za mekanisie.

Kuna pia haya. Gari mara nyingi inauzwa na ndugu, rafiki wa kanisa, mutoto wa mujomba. Kuleta mekanisie kunaonekana kama kumwambia mutu ni muongo, na wengi wanaona ni heri kunyamaza. Hakuna undugu ulioharibika zaidi kuliko ule wa watu wawili walioachiana gari mbovu. Ndugu aliyeuza kwa moyo safi pengine mwenyewe hajui gari yake inaumwa nini. Kuna hata wazee wanaotaka gari ya jamaa ikaguliwe kwa ukali kuliko ya mugeni, kwa sababu mugeni mutu hatamuona tena kwenye matanga, na hoja yao ni ngumu kukataa.

Juu ya magari mengine, kwa ufupi. Subaru Impreza yenye turbo ina faida moja kwenye inchi yetu ya juu: Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, Goma karibu 1.500, na hewa ikiwa nyepesi, motere isiyo na turbo inapoteza sehemu ya nguvu zake ambayo turbo inairudisha. Lakini kamba ya motere yake inabadilishwa kila kilomita 100.000, na asiyeweza kuonyesha ilibadilishwa lini anauza gari pamoja na hiyo kazi. Golf GTI ya mwaka 2005 na kuendelea inakaa volani kushoto, na ni gari tamu kwelikweli. Kwa zile za miaka ya kwanza, pompi ya esansi inasukumwa na kipande kidogo cha chuma ambacho kinalika. Kikitoboka, kamu inaharibika. Kipande chenyewe ni bei ndogo, kukitazama ni kazi ya nusu saa. Bwate ya DSG inataka mafuta mupya kila kilomita 60.000. Mahali hakuna mekanisie anayeijua, iachwe kwa wenye kuishi na garaji karibu. Swift Sport ndiyo isiyosumbua sana katika kundi hili, na ni ajabu kwamba watu wanaipita wakitafuta alama ya Z.

Karatasi zitazamwe na mutu ambaye hana haraka. Namba ya shasi kwenye chuma, kwenye karte roze na kwenye karatasi za duane za DGDA iwe moja, herufi kwa herufi, na chuma chenyewe kisionyeshe alama ya lima au ya kusodera. Jina kwenye karte roze liwe la mutu aliyesimama pale, au la mutu aliyemupa ruhusa kwa maandishi. Gari iliyoibwa inchi jirani inauzwa kwa bei nzuri sana, na polisi wakija kuichukua hawaulize mununuzi alilipa ngapi. Akte ya kuuza iandikwe siku ile ile, ikiwa na kilomita, namba ya motere, na yale ambayo mwenye kuuza amekubali kwamba hayako sawa. Feza itolewe mbele ya mashahidi, na funguo zote mbili ziwe mezani wakati huo, kwa sababu ule wa pili, ule ambao mwenye kuuza anasema ataleta kesho, ndio unaofungua gari usiku.